HITA YA UMEME KWA CHUMBA CHA BARIDI: TUULIZE WATI KABLA YA BEI



Hapa Cibitoke, mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura, mtu akisema anatafuta hita ya chumbani watu humcheka. Sisi tunalala na madirisha wazi, jasho mgongoni. Lakini wanachama wetu hawako Cibitoke peke yake. Wako wanaofanya kazi katika mashamba ya chai ya Teza, Rwegura, Tora, Ijenda na Buhoro, na katika viwanda vinavyokausha chai hiyo. Wengi wao hununua vitu vya nyumbani mjini, au hutumiwa na ndugu zao walio mjini. Basi anayelala kwenye baridi yuko mlimani, na anayechagua hita yuko huku chini. Maelezo haya ni ya wote wawili.

Tuitazame kwanza baridi yenyewe. Mtaa wetu uko karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari. Teza na Rwegura, kando ya msitu wa Kibira, ziko juu ya mita 2,000. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua nyuzi 6 hivi. Kwa hiyo anayetoka hapa kwa basi na kupita Bugarama, akifika juu amekwisha kupoteza nyuzi 7 au zaidi. Usiku wa mwezi wa Juni na Julai, wakati mbingu hazina mawingu, joto la huko laweza kushuka hadi karibu nyuzi 10. Mchumaji aliyelowa umande tangu alfajiri anahitaji kulala mahali pakavu na penye joto, ama sivyo kesho yake hana nguvu ya kujaza kikapu.

MBABULA HAILALI NA WATU

Wengi wetu tunajua dawa ya baridi ya siku zote: mbabula ya makaa huingizwa chumbani, mlango hufungwa, watu hulala. Dawa hii inaua.

Makaa yanayowaka hutoa hewa yenye sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Makaa yakiwa mekundu bila moshi mtu hudhani hatari imekwisha, kumbe sumu ndiyo inatoka. Ikiingia kifuani hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa safi tunayoivuta, nayo hewa safi hukosa nafasi. Mtu huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, miguu hulegea. Aliyelala hasikii hata hayo, hupita usingizini. Watoto wachanga na mama wenye mimba huumia upesi zaidi.

Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua mlango na madirisha, mtoe nje kwenye hewa safi, mwite jirani, mpelekeni hospitali hata kama ameamka na kusema amepona. Na ujue kwamba kuziba mianya ya nyumba ni vizuri kwa mwenye hita ya umeme, lakini kwa mwenye mbabula ndani ni kuharakisha mauti.

Hita ya umeme haitoi sumu hiyo. Ndiyo sababu yafaa kuifikiria, penye umeme. Lakini ina gharama zake na hatari zake, na mwenye duka hatakueleza zote.

WATI NDIYO BEI YA KWELI

Kila hita ina kibandiko au kibati, mara nyingi nyuma au chini yake, kilichoandikwa wati. Wati 1,000 zikiwaka saa moja hula uniti moja ya kashi pawa. Wati 2,000 zikiwaka saa moja hula uniti mbili. Hesabu hii haibadiliki kwa rangi ya hita, wala kwa jina la kampuni, wala kwa maneno ya muuzaji.

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui: hita zote za umeme, ya bei ndogo na ya bei kubwa, hugeuza umeme wote kuwa joto. Uniti moja ikiingia, joto la uniti moja hutoka. Akikuambia mtu kwamba hita yake ndogo yatoa joto mara mbili kwa umeme uleule, anakudanganya. Bei ya juu yaweza kukununulia usalama, ukimya na kifaa kidumucho. Haikununulii joto zaidi.

Tufanye hesabu. Hita ya wati 2,000 ikiwashwa saa 5 kila usiku hula uniti 10. Kwa mwezi ni uniti 300. Hita ya wati 750 ikiwashwa saa 2 kabla ya kulala, kisha ikazimwa, hula uniti moja na nusu. Kwa mwezi ni uniti 45. Sasa chukua karatasi yako ya kashi pawa, gawanya faranga ulizolipa kwa uniti ulizopata, uzidishe mwenyewe. Huenda ukaona kwamba hita iliyouzwa rahisi itakula mshahara kabla mwezi haujafika nusu. Tusisahau kwamba mshahara wa chini wa kisheria uliowekwa mwaka 1988, faranga 160 kwa siku mjini na 105 bara, ulikaa zaidi ya miaka 30 bila kuguswa. Mfanyakazi hana faranga ya kuchezea.

Kwa chumba cha mita 3 kwa 3, chenye dari na mlango unaofunga vizuri, wati 750 hadi 1,000 zatosha katika milima yetu. Chumba kisicho na dari ni jambo jingine. Joto hupanda juu, hugusa bati, na bati hulitupa nje. Hapo hata wati 2,000 ni sawa na kuchota maji kwa pakacha. Kabla ya kununua hita, weka dari, hata kama ni ya mikeka. Ziba mwanya chini ya mlango kwa kitambaa kilichokunjwa. Kazi hiyo hulipwa mara moja tu, hita hulipwa kila usiku.

AINA NNE ZA HITA

Ya kwanza ni ile yenye nyaya au mirija inayowaka nyekundu. Huuzwa rahisi, na humpasha upesi aliyekaa mbele yake. Lakini haipashi chumba vizuri, na shuka ikiigusa huwaka. Haifai kabisa mahali pa kulala wala penye watoto.

Ya pili ni ya feni. Ni ndogo, nyepesi, si ghali. Chumba kidogo hupata joto kwa dakika chache. Ina kelele, na ukiizima baridi hurudi mara. Yafaa kwa nusu saa kabla ya kulala au wakati wa kumwogesha mtoto, ikiwa mbali na maji.

Ya tatu ni ya bamba, ambayo huvuta hewa baridi chini na kuitoa ya moto juu, bila feni. Haina kelele. Yafaa chumbani, mradi isifunikwe kamwe.

Ya nne ni ya mafuta, ile yenye mapezi ya chuma na magurudumu, ambayo wengine huiita radiatori. Mafuta yamo ndani yamefungwa. Hayaungui wala hayaongezwi. Huchelewa kupata moto, lakini ukiizima huendelea kutoa joto kwa muda. Haina sehemu inayowaka nyekundu. Kwa chumba cha kulala hii ndiyo bora, ijapokuwa ni nzito na bei yake iko juu. Tafuta iliyo ndogo, ya wati 1,000 au chini.

UKIWA DUKANI AU SOKONI

Wengi wetu tutanunua iliyokwisha kutumika, Ruvumera au soko la Cotebu. Si vibaya. Lakini fanya haya:

1. Soma volti. Umeme wetu ni wa volti 220. Hita iliyoandikwa 220 au 230 au 240 yafaa. Iliyoandikwa 110 au 120 ilitengenezwa kwa ajili ya Marekani, na yenye 100 ni ya Japani. Ukiichomeka hapa itaungua. Hita ya Marekani ya wati 1,500 ikiunganishwa na umeme wetu hutaka kuvuta zaidi ya wati 5,000. Waya hauwezi.

2. Tazama kama ina themostati, yaani kile kidude kinachoikata hita chumba kikipata joto la kutosha na kuiwasha tena kikipoa. Bila hicho, hita hula umeme bila kupumzika.

3. Iwashe mbele ya muuzaji, kisha iinamishe. Iliyo nzuri hujizima yenyewe ikianguka. Isiyojizima iache.

4. Kagua waya na plagi. Plagi iliyoyeyuka au yenye weusi, waya uliofungwa kwa plasta, hita ya mafuta inayovuja: hiyo usiichukue hata ukipewa bure.

5. Iache iwake robo saa. Kisha shika plagi. Vuguvugu si neno. Ikiwa ya moto, kuna kasoro.

UKIWA NYUMBANI

Hita ya wati 2,000 huvuta ampea 9 hivi. Ule waya mwembamba uliopitishwa dirishani kwa ajili ya taa na redio haukuumbwa kwa mzigo huo. Chomeka hita kwenye priza ya ukutani, peke yake. Usiiunganishe kwa ralonji pamoja na pasi na televisheni. Nyumba ikiwa ya zamani, mwite kwanza fundi umeme aangalie waya na waya wa ardhi.

Hita ikae mita moja mbali na kitanda, chandarua, pazia na godoro. Usikaushe nguo juu yake, hata nepi ya mtoto.

Umeme ukikatika, chomoa hita papo hapo. Hili twalisema kwa mkazo, kwa sababu umeme wetu hukatika mara kwa mara. Mtu huzima taa akalala, akasahau hita. Usiku wa manane umeme unarudi, nayo hita inawaka peke yake, shuka imeangukia juu yake. Ni vilevile uniti zikiisha usiku na jirani akanunua nyingine asubuhi.

Tena katika rupango nyingi familia tatu au nne hutumia kashi pawa moja na kugawana malipo sawa. Mmoja akileta hita, wote watalipa joto lake. Usifanye hivyo kwa siri. Waonyeshe wenzako hesabu: wati mara saa, gawanya kwa 1,000, ndizo uniti zako. Lipa zako, ugomvi utakwisha kabla haujaanza.

TUPASHE MTU KABLA YA CHUMBA

Kuna njia iliyo rahisi kuliko hita zote. Chupa ya mpira ya maji ya moto huchukua lita moja na nusu hivi. Kuchemsha maji hayo kwa umeme hula karibu sehemu moja ya saba ya uniti. Maana yake, kwa uniti moja unajaza chupa saba, na kila chupa hukaa na joto kitandani kwa saa kadhaa. Asiye na umeme huchemsha jikoni, mbabula ikabaki nje. Acha maji yapoe kidogo, usijaze hadi juu, toa hewa, funga sana, zungushia kitambaa ili isimchome mtu. Mtoto mchanga usimwekee. Chupa za plastiki za soda hazifai, huyeyuka na kupasuka.

Blanketi la pili nalo halina uniti. Na anayelala sakafuni ajue kwamba baridi hutoka chini: mkeka na majani makavu chini ya godoro husaidia kuliko blanketi la juu.

JAMBO LISILO LA MTU MMOJA

Mtambo wa umeme wa Rwegura, uliojengwa juu ya mto Kitenge na kuanza kazi mwaka 1986, una nguvu ya megawati 18. Gawanya: hita 9,000 za wati 2,000 zikiwashwa pamoja zingeumaliza mtambo wote. Kwa hiyo jibu la baridi haliwezi kuwa hita kubwa kwa kila nyumba. Jibu ni nyumba inayoshika joto, kisha hita ndogo.

Na nyumba, pale mwajiri anapoitoa, ni jambo la kazi. Sheria ya Kazi ya tarehe 24 Novemba 2020 inatambua mapatano ya pamoja kati ya waajiri na vyama vya wafanyakazi. Dari, mlango unaofunga, waya wa umeme uliokaguliwa, blanketi na koti la mvua kwa mchumaji: haya yote yaweza kuwekwa mezani. Lakini mezani hatuendi na malalamiko matupu.

Basi twaomba kila mwakilishi wa shamba afanye kazi hii kabla ya Juni. Ahesabu nyumba zisizo na dari. Ahesabu zenye waya ulioharibika. Aulize ni familia ngapi hulala na mbabula ndani, bila kumwaibisha mtu, kwa maana ni baridi inayowaingiza humo. Aandike idadi, alete tawini. Huku Cibitoke tutaziweka pamoja, na mwajiri atajibu nyumba kwa nyumba.

Kabla ya hapo, leo usiku, mbabula itoke nje.

Umoja ni nguvu.