Imani ya mhudumu wa afya isimfungie mgonjwa njia

MHUDUMU wa afya anayemwambia mgonjwa kuwa dini yake haimruhusu kutoa dawa fulani hufanya jambo moja akiwa Nairobi, na jambo jingine kabisa akiwa Kipini. Jijini Nairobi mgonjwa huvuka barabara akaingia hospitali ya pili. Kipini, mji mdogo ulio pale Mto Tana unapomwaga maji yake katika Ghuba ya Ungwana, hakuna barabara ya kuvuka.

Anayehitaji huduma asiyoipata katika kituo cha afya cha hapo mjini hana budi kusafiri hadi Witu, iliyo katika Kaunti ya Lamu, au aelekee Garsen na Ngao, na mara nyingi afike Malindi katika Kaunti ya Kilifi. Hola, makao makuu ya Kaunti ya Tana River, iko mbali kaskazini. Mto unapofurika, kama ilivyotokea mwaka wa 2018 na tena 2023 na 2024, vijiji vya Delta hukatika na mtumbwi huwa ndio ambulensi.

Kwa sababu hiyo, mjadala kuhusu dhamiri ya daktari au muuguzi, ambao kwingineko duniani huendeshwa mahakamani na vyuoni, hapa hupimwa kwa saa na nauli. Je, imani ya mhudumu ina haki gani mbele ya mgonjwa ambaye hana pengine pa kwenda?

DINI NA TIBA ZILIFIKA PAMOJA

Si ajabu kwamba dini na tiba hukutana katika Delta ya Tana, kwani zimejuana kwa muda mrefu. Wamishonari wa Kimethodisti walifungua kituo Golbanti katika miaka ya 1880, na Wajerumani wa jumuiya ya Neukirchen wakaanza kazi yao Ngao mwaka wa 1887. Kote Afrika Mashariki, zahanati ilijengwa kando ya kanisa, na mpaka leo hospitali nyingi za kutegemewa ni za mashirika ya dini.

Kwa upande mwingine, wakazi wa pwani walikuwa na tiba yao iliyofungamana na Uislamu. Aya za Kurani huandikwa kwa zafarani katika sahani, zikaoshwa kwa maji ya marashi, na mgonjwa akanywa kombe hilo. Wazee wa Kipini wanalijua, na vijana wao pia.

Leo wengi wa wakazi wa Kipini ni Waislamu. Kandokando ya mto wapo Wapokomo, baadhi yao Wakristo na wengine Waislamu, na malishoni wapo Waorma na Wardei. Wahudumu wa afya huajiriwa na serikali ya kaunti tangu huduma hizo zigatuliwe mwaka wa 2013, na wapo wanaotoka mbali na pwani. Chumba kimoja cha matibabu kinaweza basi kuwakutanisha muuguzi wa imani hii na mgonjwa wa imani ile, na kila mmoja ameingia na dini yake.

MGONGANO HUTOKEA WAPI?

Jambo la kwanza ni kupanga uzazi. Kanisa Katoliki limepinga njia za kisasa za kuzuia mimba na kusisitiza msimamo huo katika waraka wa Papa Paulo wa Sita wa mwaka wa 1968. Wapo pia Waislamu na Wakristo wa madhehebu mengine wasiozikubali. Mhudumu mwenye msimamo huo anaweza kusita kutoa sindano au vidonge, au kumtaka mwanamke alete kwanza ruhusa ya mumewe, au kumnyima msichana kwa kuwa hajaolewa.

La pili ni zito zaidi. Mwanamke au msichana aliyebakwa anahitaji dawa za kukinga maambukizi ya virusi vya ukimwi zianzwe kabla ya saa 72 kupita. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufaa zaidi vikitolewa mapema, na havitumiki baada ya saa 120. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka wa 2006 inampa mwathiriwa haki ya kutibiwa bila malipo katika hospitali ya umma. Mhudumu akikataa kutoa vidonge hivyo kwa sababu ya imani yake bila kumwelekeza mwathiriwa kwa mwingine, saa hizo huliwa na safari. Atakapofika Malindi huenda dawa haimfai tena.

La tatu ni mimba inapohatarisha uhai wa mama. Kutokwa na damu nyingi, au maambukizi baada ya mimba kuanza kuharibika, kunaweza kumuua mwanamke mwenye afya njema katika muda mfupi mno. Anayesubiri kuona kama kufanya jambo fulani ni dhambi huwa tayari ameamua, kwani ugonjwa haumsubiri.

Mgongano wa nne huwa wa kimyakimya. Ni pale mhudumu anapomhubiria mgonjwa, akamlaumu kwa maradhi yake, au akamdhihaki kwa kombe alilokunywa au hirizi aliyoivaa. Hakuna dawa iliyokataliwa hapo, lakini mgonjwa aliyeaibishwa harudi tena. Muuguzi mwenye busara humuuliza kwa adabu ametumia nini kingine nyumbani, ili ajue jinsi ya kumtibu.

SHERIA YASEMA NINI?

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 inampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini na imani katika Kifungu cha 32. Muuguzi hapotezi uhuru huo anapovaa sare. Hata hivyo, kifungu hichohicho kinakataza mtu kunyimwa ajira, kuingia katika taasisi au kufurahia haki yoyote kwa sababu ya imani yake. Kwa hiyo uhuru huo unawalinda watu wawili kwa pamoja: mhudumu asifutwe kazi kwa kuwa wa dini fulani, na mgonjwa asinyimwe huduma kwa kuwa wa dini nyingine.

Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, ikiwemo afya ya uzazi, na kinasema wazi kuwa hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 ilitia nguvu agizo hilo. Kwa mujibu wake, matibabu ya dharura yanajumuisha kutuliza hali ya mgonjwa na kupanga apelekwe kwingine kwa rufaa. Kituo chenye uwezo kinachokosa kutoa matibabu hayo kinaweza kutozwa faini isiyozidi Sh3 milioni.

Kuhusu kutoa mimba, Kifungu cha 26 cha Katiba kinakataza, isipokuwa pale ambapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa, kuna haja ya matibabu ya dharura au uhai au afya ya mama iko hatarini, au kama sheria nyingine inaruhusu. Neno la kuzingatiwa hapo ni mtaalamu. Katiba imetaka maoni yanayotokana na mafunzo ya tiba, na haikutaja dini ya anayeyatoa.

WENGINE WAMEFANYAJE?

Nchini Uingereza, sheria ya mwaka wa 1967 ilimruhusu mhudumu mwenye pingamizi la dhamiri asishiriki katika kutoa mimba, lakini ikaweka mpaka: pingamizi hilo halimwondolei wajibu wa kuokoa uhai wa mama au kumkinga na madhara makubwa. Mwaka wa 2014 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi ya wakunga wawili wa Glasgow, iliamua kuwa ruhusa hiyo inahusu kushiriki moja kwa moja katika tendo lenyewe. Haihusu kazi za kusimamia wauguzi wengine au kupanga zamu.

Uswidi ilichukua njia kali zaidi. Wakunga wawili walionyimwa kazi kwa kuwa hawakuwa tayari kusaidia kutoa mimba walipeleka malalamiko katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, na mwaka wa 2020 mahakama hiyo ikayatupilia mbali. Ilizingatia kwamba nchi ina wajibu wa kuhakikisha huduma inapatikana, na kwamba mkunga alichagua kazi hiyo kwa hiari yake.

Mifano hiyo haifanani na hali ya Kipini, kwani nchi hizo zina wahudumu wengi na barabara nzuri. Hata hivyo, ikiwa mahali penye wingi wa wauguzi pameonekana haja ya kuweka mpaka, basi penye wachache haja hiyo ni kubwa zaidi.

DINI ZENYEWE ZAFUNZA NINI?

Lingekuwa kosa kudhani kuwa dini daima husimama upande wa kukataa. Katika fikihi ya Kiislamu kuna kanuni mashuhuri kwamba dharura huhalalisha lililokatazwa, kwa kadiri ya dharura hiyo. Kwa kanuni hiyo wanazuoni wameruhusu tabibu wa kiume amtibu mwanamke asipopatikana tabibu wa kike, naye aangalie tu panapohitajika. Mgonjwa na msafiri wameruhusiwa kula mchana wa Ramadhani na kulipa baadaye. Mwenye kisukari anayetumia sindano ya insulini hapaswi kufichwa ukweli huo na yeyote, awe daktari au jirani.

Ukristo nao umejaa mafundisho ya kumhudumia mgeni aliyejeruhiwa bila kumuuliza kabila wala dini. Nalo Azimio la Geneva, kiapo cha madaktari kilichotolewa mwaka wa 1948 na kurekebishwa mara kadhaa, mara ya mwisho mwaka wa 2017, linamtaka daktari asiruhusu itikadi, kabila au cheo kuingia kati ya wajibu wake na mgonjwa.

IMANI YA MGONJWA

Mgonjwa mwenyewe ana dini yake, na hapa mizani hugeuka. Mtu mzima mwenye akili timamu aliyeelezwa vyema anaweza kukataa matibabu. Shahidi wa Yehova akikataa kuongezewa damu, kazi ya daktari ni kueleza hatari, kutafuta njia mbadala na kuandika uamuzi huo. Mwanamke wa Kipini akiomba kuzalishwa na mkunga wa kike, ombi hilo ni la heshima na litimizwe kila inapowezekana. Asipokuwepo mkunga huyo, aelezwe mapema, na jamaa wa kike aruhusiwe kuwa naye ndani.

Mpaka uko kwa mtoto. Kifungu cha 53 cha Katiba kinataka maslahi ya mtoto yatangulizwe katika kila jambo linalomhusu. Mwaka wa 2023 Kenya ilishuhudia kilele cha imani inayopinga hospitali, miili zaidi ya 400 ilipofukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Miongoni mwa waliofariki walikuwemo watoto wengi. Mhubiri Paul Mackenzie, anayedaiwa kuwafunza wafuasi wake wafunge hadi kufa na waepuke shule na hospitali, alikana mashtaka. Mzazi anaweza kujinyima dawa, lakini mtoto hajachagua.

LA KUFANYA

Tofauti kati ya mhudumu na mgonjwa ni moja: mhudumu alichagua kazi yake na ndiye mwenye ufunguo wa kabati la dawa. Dhamiri yake inastahili heshima, lakini gharama ya dhamiri hiyo haipaswi kulipwa na mgonjwa.

Kwanza, pingamizi litangazwe kabla ya mhudumu kutumwa kituoni, wala lisizuke kitandani kwa mgonjwa. Kaunti ikijua kwamba muuguzi fulani hatoi huduma fulani, isimpange peke yake mahali kama Kipini, au impe mwenzake wa kushika nafasi hiyo.

Pili, anayekataa kutoa huduma isiyo ya dharura aseme hivyo bila kuhubiri, amweleze mgonjwa ukweli wote, na amwandikie barua ya rufaa kwa mtu anayefikika siku hiyohiyo. Asipopatikana mtu huyo, basi rufaa ni jina tu.

Tatu, katika dharura pingamizi halina nafasi.

Mgonjwa naye ajue pa kushika. Mkataba wa Haki za Wagonjwa uliotolewa na Wizara ya Afya mwaka wa 2013 unatambua haki ya kutibiwa kwa heshima na kupata matibabu ya dharura. Aliyenyimwa huduma aombe kumwona msimamizi wa kituo, aombe sababu na rufaa kwa maandishi, na aweke tarehe na saa. Akikosa kusikizwa, malalamiko yanaweza kupelekwa kwa Baraza la Wauguzi, Baraza la Maafisa wa Kliniki, Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, au Tume ya Haki ya Utawala.

Maimamu, mapadri na wachungaji wa Delta wana sehemu yao pia. Muuguzi anayehofu kutenda dhambi usiku wa manane, taa moja ikiwaka na mama akitokwa na damu, asiachwe atafute fatwa wakati huo. Aelezwe mapema, msikitini na kanisani, kwamba kuokoa uhai ni ibada.