Ukinzani Mdogo Si Maji Mengi: Soma Hii Kabla ya Kuchimba Kisima

Naletewa sana ripoti za upimaji wa maji chini ya ardhi kutoka upande wa Nakuru na Naivasha, na swali ni lile lile: "Afisa, tuchimbe au tuache?" Wacha nijibu hapa kwa wote, maana kisima kirefu ni pesa nyingi, na wengi wenu mnakopa.

Mpimaji huchomeka vyuma ardhini, hupitisha umeme, kisha huangalia ardhi inaukinza kiasi gani. Akitanua nafasi kati ya vyuma, anaona chini zaidi. Namba anayopata ndiyo ukinzani, kwa kipimo cha ohm-mita. Mwamba mkavu una ukinzani mkubwa. Wenye nyufa zilizojaa maji, ukinzani hushuka.

Sasa hapo ndipo vijana hufurahi mapema. Namba ikishuka sana, wanasema maji yapo tele. Lakini maji ya chumvi pia huishusha. Maji ya moto vilevile. Hata mfinyanzi huishusha, na mfinyanzi unaweza kushika maji usikupe hata ya kujaza tangi.

Kwetu Bonde la Ufa hili si jambo dogo, kwa sababu chini kuna joto la volkeno. Olkaria na Menengai, wanaotafuta jotoardhi hupima mawimbi ya asili ya umeme na sumaku ili waone kilomita kadhaa chini. Huko, tabaka lenye ukinzani mdogo kabisa mara nyingi ni mfinyanzi uliotokana na mwamba kupikwa na joto. Hicho ni kifuniko tu cha sufuria. Hifadhi ya maji moto huwa chini yake, na ukinzani wake huwa mkubwa zaidi.

Joto lenyewe si adui. Shamba la maua la Oserian, Naivasha, limetumia jotoardhi kupasha grinihausi, unyevu ukapungua na ukungu ukadhibitiwa. Lakini kupasha si kumwagilia. Maji ya aina hiyo yanaweza kuwa na sodiamu inayogandisha udongo, boroni inayounguza majani, na floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha WHO cha maji ya kunywa.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini mkopo:

1. Muulize mtaalamu: "Tabaka hili ni maji matamu, chumvi au mfinyanzi? Umejuaje?"
2. Tafuta taarifa za visima vya jirani: kina, joto na majibu ya maabara.
3. Pata kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA.
4. Kisima kikishachimbwa, pima wingi wa maji na upeleke sampuli maabara kabla ya kununua pampu na mipira ya matone.

Mtaalamu akishindwa kujibu swali la kwanza, shikilia pesa yako. Ukiwa na ripoti mkononi, ilete ofisini tuisome pamoja.