Tanzania na China: swali la utafiti anauliza nani?

Machi 2024 wasomi wa Afrika na China walikutana Dar es Salaam, wakatoka na waraka unaoitwa Mwafaka wa Dar es Salaam. Ulikuwa mkutano wa 13 wa jukwaa la taasisi za utafiti wa sera za pande hizo mbili, jukwaa lililoanza mwaka 2011 kwa juhudi za Chuo Kikuu cha Ualimu cha Zhejiang. Waraka hauna la kushtua: kila nchi ichague njia yake ya maendeleo, mfumo wa fedha wa dunia urekebishwe. Lakini Septemba mwaka huohuo, viongozi wa Afrika walipokuwa wakielekea Beijing kwa mkutano wa kilele wa FOCAC, Jukwaa la Ushirikiano wa China na Afrika, Rais Xi Jinping alijibu barua ya wasomi kutoka nchi 50 za Afrika, akiwahimiza waendelee na kazi yao. Rais wa dola kubwa hawaandikii wahadhiri kwa kukosa shughuli.

Balozi akiwa kazini husema alichotumwa. Hawezi kuuliza mezani, "Je, tukipunguza ushuru huu ninyi mtatoa nini?" bila swali hilo kuhesabiwa kuwa ni msimamo wa nchi yake. Mtafiti anaweza. Ndiyo maana wizara za mambo ya nje hupenda kuwa na watu wa kando: maprofesa, mabalozi wastaafu, wachumi, wanaokutana hotelini na wenzao wa upande wa pili, na wakati mwingine ofisa wa serikali huketi nao akiwa amevua koti la cheo. Chatham House ya London ina kanuni yake ya tangu 1927: unaruhusiwa kutumia ulichokisikia, ila usiseme kimesemwa na nani. Wazo likikubalika huandikwa kwenye andiko fupi la sera, hupelekwa wizarani, na likibahatika huibukia kwenye tamko la pamoja la marais bila jina la aliyelitunga.

Tanzania inajua nguvu ya utafiti wa namna hii tangu enzi za TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ingawa hadithi ya reli hiyo husimuliwa kama habari ya urafiki mtupu. Mwaka 1964 Benki ya Dunia ilisema reli ya kwenda Zambia haina maslahi ya kiuchumi. Miaka miwili baadaye upembuzi uliofanywa na Waingereza na Wakanada ukasema inawezekana. Reli ileile, majibu mawili. Fedha za Magharibi hazikuja hata baada ya jibu la pili, na Wachina walikwisha kutuma wapimaji wao. Wakatoa mkopo usio na riba wa yuani milioni 988, zikajengwa kilomita 1,860 kati ya 1970 na 1975. Mwalimu Nyerere aliyapata majibu hayo yote kutoka kwa wageni, na kilichomwokoa ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa na swali lake na hakuliacha: shaba ya Zambia itafikaje baharini bila kupita mikononi mwa makaburu na walowezi wa Rhodesia?

Sasa maswali yamekuwa mengi na hayana shujaa. Ufuta wa Lindi na Mtwara unauzwa kwa mnada kupitia stakabadhi ghalani, na sehemu kubwa huishia China ukiwa mbegu ghafi. Novemba 2022, Rais Samia alipozuru Beijing, parachichi mbichi za Tanzania zilifunguliwa soko la China. Vizuri. Lakini tunachonunua kutoka kwao bado kinazidi kwa mbali tunachowauzia, na sijaona andiko la pamoja la wasomi wa nchi hizi mbili likimweleza mkulima wa Nachingwea kwa lugha nyepesi kwa nini ufuta wake haukamuliwi mafuta hapahapa.

Hapa ndipo kutolingana kwa taasisi kunapojitokeza. Chuo cha Sayansi za Jamii cha China kiko chini ya Baraza la Serikali; taasisi yao kuu ya masuala ya kimataifa iko chini ya Wizara ya Mambo ya Nje. Bajeti yao inatoka serikalini na wanajua wanamtumikia nani. Kwetu, taasisi za utafiti za REPOA na ESRF, zilizozaliwa miaka ya 1990, zimeishi kwa sehemu kubwa kwa fedha za wahisani, mradi baada ya mradi. Mwenye mradi ndiye anayeandika hadidu za rejea.

Nisieleweke kwamba hili ni tatizo la Wachina. Mwaka 2014 REPOA, Ofisi ya Taifa ya Takwimu na taasisi ya Chr. Michelsen ya Norway walianza programu kubwa ya utafiti kuhusu gesi asilia ya Tanzania, kwa fedha za Norway. Wakati huo kampuni ya mafuta ya serikali ya Norway ilikuwa na kitalu kwenye bahari yetu. Kazi zilizotoka zilikuwa nzuri, nami nimezitumia. Hata hivyo, nchi yenye maslahi katika gesi ndiyo iliyolipia maswali kuhusu gesi.

Tukikosa maswali yetu tunabaki kubahatisha. Mkataba wa awali wa bandari ya Bagamoyo ulitiwa saini Machi 2013, Xi alipokuja Dar es Salaam. Mfuko wa serikali ya Oman nao ukaingia. Mwaka 2019 Rais Magufuli aliyashutumu masharti yake hadharani. Mwaka 2021 Rais Samia akatangaza kuwa mazungumzo yatafufuliwa. Miaka yote hiyo wananchi walibishana vijiweni juu ya mkataba ambao haukuwekwa mezani. Sokoni Kariakoo, Dar es Salaam, vivyo hivyo: malalamiko dhidi ya wafanyabiashara wa kigeni yalirundikana mpaka Julai 2025, serikali ilipowazuia wasio raia kufanya biashara kadhaa, zikiwamo ufundi wa simu na huduma za kutuma fedha. Hilo ni suala la uhusiano wa nchi mbili kuliko hotuba nyingi za ukumbi wa mikutano, na ni nadra kulikuta kwenye ratiba za makongamano ya wasomi.

Ushirikiano unaofaa upo, tena si mbali. Kijijini Peapea, wilayani Kilosa, Chuo Kikuu cha Kilimo cha China kilianza mwaka 2011 kazi ndogo na wakulima wa mahindi, na baadaye Chuo Kikuu cha Sokoine kikashiriki kuieneza katika vijiji vingine vya Morogoro. Hawakuleta matrekta. Walifundisha kupanda kwa mistari, kupima nafasi, kuongeza idadi ya miche kwa eka na kupalilia kwa wakati. Mavuno yakapanda, yakapimwa shambani. Wasomi wa pande zote mbili wana kitu cha kubishania chenye namba, na mkulima anaweza kuwasahihisha.

Lipo pia suala la kusomana. Radio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, na China imefundisha Kiswahili vyuoni tangu miaka hiyo. Wanatusoma kwa lugha yetu. Sisi tuna Taasisi ya Confucius Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tangu 2013, lakini mtafiti wa sera wa Kitanzania anayeweza kusoma waraka wa wizara ya Beijing katika Kichina chake ni wa kutafuta kwa tochi.

COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, inao Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia. Serikali itenge humo fungu la tafiti za uhusiano wetu na China, India, Oman na wengineo, fungu lisilo na mkono wa mgeni, na matokeo yatolewe kwa Kiswahili kabla ya mkataba kusainiwa. Kwa kuanzia, utafiti wa ufuta ungegharimu kidogo, na wakulima wa Lindi wamekwisha kuusubiri vya kutosha.