Nyumba za Hukumu Zilizogeuka Nyumba za Sanaa

Msafiri atokaye Chitete, makao makuu ya Wilaya ya Momba, akashika barabara kuu ya Tunduma hadi Dar es Salaam, kisha akaelekea kaskazini kwa njia ya Tanga na kuvuka mpaka wa Horohoro, hufika Mombasa akiwa amekwisha kuikata nchi kutoka pembe moja hadi nyingine. Na akiuliza njia ya Mji wa Kale ataonyeshwa majumba mawili yanayokaribiana, ambayo kwa zaidi ya miaka 50 yalishirikiana katika kazi nzito, hili likihukumu na lile likifunga. La kwanza ni Mahakama ya Zamani, iliyojengwa mwaka 1902. La pili ni Fort Jesus, ambayo wenyeji huiita Ngomeni. Leo yote mawili yamo katika amana ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na mtu huingia humo kwa khiari yake, akatoka apendapo.

Ngome ndiyo kongwe. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa amri ya Mfalme Philip II wa Hispania, ambaye zama zile alikuwa akitawala na Ureno pia, nao wakaimaliza mwaka 1596 kwa kufuata ramani ya Giovanni Battista Cairati, mhandisi wa Kiitalia. Na kuta zake nene za mawe ya matumbawe zilipangwa hivi kwamba, mtu akiitazama kutoka juu, huona umbo la mwanadamu aliyelala chali. Waomani waliizingira tangu mwaka 1696, na baada ya miezi 33 ya njaa, maradhi na vita, wakaitwaa mwezi wa Desemba 1698. Tangu hapo ilipita katika mikono mingi, ya Wamazrui na ya masultani wa Unguja, hata mwaka 1895 Waingereza wakaifanya gereza, nayo ikabaki gereza hadi mwaka 1958.

Katika mwaka huo wa 1958 ndipo yalipotokea mageuzi ambayo mgeni wa leo anayavuna. Kwa fedha zilizotolewa na wakfu wa Gulbenkian wa Ureno, mwanaakiolojia James Kirkman aliyaondoa majengo ya gereza, akaifukua ngome ya kale iliyokuwa imefunikwa, na mwaka 1960 makumbusho yakafunguliwa. Humo mna vyombo vilivyotolewa baharini katika merikebu ya Kireno, Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Mna chumba cha Waomani chenye boriti zilizochongwa maandishi ya Kiarabu. Na fauka ya hayo mna michoro ya ukutani iliyochorwa na askari wa Kireno kwa weusi wa makaa na wekundu wa ngeu, ikionyesha merikebu, samaki na watu. Haikuwa kazi ya mastadi walioajiriwa. Ni dhahiri kwamba waliichora watu waliochoshwa na zamu, waliokaa mbali na kwao wakiisubiri merikebu ambayo hawakuwa na yakini ya kuja kwake, na hivyo sanaa ilikwisha kuwamo ndani ya kuta hizi karne nyingi kabla mtu yeyote hajafikiri kuzifanya nyumba ya maonyesho.

Mahakama ya Zamani haina makuu kama jirani yake. Ni jengo la utawala wa Kiingereza, lililokusudiwa kumtia raia taadhima kabla hajafungua kinywa, na humo walipita mahakimu, makarani, mawakili, wadai na wadaiwa wa bandari yenye watu wa kila kabila. Baadaye, mahakama zilipohamishiwa jengo jipya, ukumbi wake ukaanza kupokea picha, kazi za mikono na maonyesho ya wanafunzi. Hapo ndipo mgeni anapopaswa kusimama na kutafakari, kwa sababu chumba kilekile ambamo wachache walisema kwa amri na wengi wakanyamaza kwa hofu, sasa kimempa mtoto wa shule nafasi ya kutundika alichokiona kwa macho yake mwenyewe.

Mombasa si peke yake katika jambo hili. Ngome ya Lamu, iliyomalizika kujengwa mwaka 1821 kwa msaada wa Sayyid Said wa Omani, ilikuwa gereza tangu mwaka 1910 hadi 1984, na sasa ni makumbusho na mahali pa shughuli za mji, yenye maktaba ndani na uwanja wa Mkunguni mbele yake, ambako wazee hukaa kuzungumza. Huko Unguja, Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani juu ya magofu ya kanisa la Wareno, nayo ilikuwa na wafungwa katika karne ya 19. Leo watu hukusanyika humo kwa tamasha la filamu lililoanza mwaka 1998, na kwa tamasha la muziki la Sauti za Busara lililoanza mwaka 2004.

Hata hivyo iko kasoro ambayo mzuru mwangalifu hakosi kuiona. Tulipozisafisha nyumba hizi tulihifadhi kwa bidii athari za wafalme na majemadari, ilhali athari za wafungwa tuliziacha zipotee. Mtu akitembelea Fort Jesus atatoka akiijua miezi 33 ya mazingiwa, lakini ile miaka 63 ya gereza, ambayo ndiyo iliyo karibu zaidi na babu zetu, ataipita kwa sentensi moja ya mwongozaji. Gereza likisahauliwa, nyumba ya sanaa iliyochukua mahali pake hubaki pambo tu, kama kanzu mpya iliyovalishwa mtu ambaye hakuna aliyemuuliza jina. Lamu bado ina bahati, maadamu wapo wazee wanaoikumbuka ngome yao ikiwa na askari jela mlangoni. Hao ndio wa kuulizwa, na majibu yao yastahili kuwekwa ukutani pamoja na picha.

Kwetu Chitete jambo hili laweza kuonekana la mbali, kwani Wilaya ya Momba ni changa, ilitengwa na Mbozi mwaka 2012, na Mkoa wa Songwe wenyewe ulianzishwa mwaka 2016, hivyo majengo yetu ya serikali bado yananuka rangi. Lakini upya huo ndio fursa. Mombasa, hata ikianza leo kuwakumbuka wafungwa wake, mengi yamekwisha kutoweka. Sisi tunaweza kuanza na mapema, kwa kuandika nani alifyatua matofali na kesi ya kwanza ilihusu nini, na kwa kuwaomba wazee wa makabila ya Wanyamwanga na Wawanda watueleze mashauri yaliamuliwaje kabla ya kuwapo hakimu na kizimba. Halmashauri haihitaji kungoja karne ipite ndipo iupate ukumbi wa ngoma, picha na simulizi. Yatosha kuitenga siku moja ya mapumziko, milango ya ukumbi wa mikutano ikafunguliwa, na raia akaingia pasipo hati ya kuitwa.