Je, mashine za maabara hupimaje uimara wa goti la binadamu?

Mkulima wa Nyakarenzo, katika wilaya ya Rusizi kusini magharibi mwa Rwanda, anaposhuka mlima, kila goti lake hubeba uzito unaoweza kuzidi mara tatu ule wa mwili wake. Goti bandia hupimwa kwa mashine kabla ya kupandikizwa kwa mgonjwa, lakini kipimo cha msingi huiga mwendo wa mtu anayetembea kwenye tambarare.

Goti hubeba uzito kiasi gani?

Mwaka 2010, watafiti wa hospitali ya Charité mjini Berlin walichapisha vipimo kutoka kwa wagonjwa watano waliowekewa magoti bandia yenye vihisi ndani yake. Kwenye tambarare, goti lilibeba takribani mara 2.6 ya uzito wa mwili. Wakati wa kushuka ngazi, kiwango kilifika karibu mara 3.5. Kwa mtu wa kilo 60, hiyo ni sawa na kilo 200 hivi juu ya goti moja.

Mashine hufanyaje kazi?

Goti halifanyi kazi kama bawaba ya mlango. Linapokunjwa, mfupa wa paja hubingirika na kuteleza juu ya muundi, huku muundi ukijizungusha kidogo. Kwa sababu hiyo, mashine hulazimika kukandamiza, kukunja, kusukuma mbele na nyuma, na kuzungusha, vyote kwa wakati mmoja.

Katika kipimo cha Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO 14243, goti bandia huzamishwa katika kimiminika chenye seramu ya ndama, badala ya ute wa goti, na kutembezwa mizunguko milioni tano. Kwa mzunguko mmoja kila sekunde, kazi hiyo huchukua takribani siku 58 mfululizo. Plastiki ya goti hupimwa uzito kabla na baada ya jaribio ili kujua kiasi kilicholika.

Mtambo mwingine, uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Oxford, hutumia magoti ya maiti. Kano ya msuli wa paja huvutwa, na goti hukunjwa kama la mtu anayechuchumaa.

Pengo liko wapi?

Katika kipimo hicho cha ISO, goti hukunjwa kwa chini ya nyuzi 60. Anayechuchumaa kupalilia hulikunja kupita nyuzi 100, na anayeshuka na mzigo kichwani huliongezea shinikizo.

Kwa hiyo, goti lililofaulu kwenye mashine limethibitishwa kwa mwendo ule tu ambao mashine iliamriwa kuufanya. Mhandisi anayelenga watu wa milimani hana budi kuongeza mteremko, mkunjo mkubwa na mizigo katika majaribio yake, la sivyo mambo hayo yatajaribiwa kwa mara ya kwanza ndani ya mwili wa mgonjwa.