Unameza dawa ya kifafa? Kuna vitu haielewani navyo

Kama uko Olenguruone na unatumia fenobabitoni, kile kidonge kidogo cha usiku, pengine uliambiwa tu usikose kumeza. Ni kweli, lakini haitoshi.

Dawa hii ni ya zamani. Daktari Mjerumani Alfred Hauptmann aliripoti kuitumia kwa kifafa mwaka wa 1912, na bado inatolewa kwa sababu ni bei nafuu na inafanya kazi. Hata hapa Nakuru ilipimwa: utafiti uliochapishwa 1991 katika jarida la Lancet ulifuata wagonjwa 302, wengine kwa fenobabitoni, wengine kwa kabamazepini. Hakuna iliyoshinda mwenzake.

Shida iko kwa ini. Fenobabitoni hulichochea lifanye kazi kupita kawaida, likavunja dawa nyingine kabla hazijakusaidia. Dada, hapa sikiza: tembe za kupanga uzazi, ile ya dharura, hata kipandikizi cha mkononi, zote zinaweza kupungua nguvu. Unameza kila siku bila kuruka, halafu unashtukia una mimba na jamaa anasema ulimdanganya. Wala hukumdanganya. Koili ya shaba na sindano ya miezi 3 haziathiriki hivyo, kwa hivyo uliza hizo.

ARV nazo, hasa dolutegraviri, hushuka mwilini, na dozi huenda ikabadilishwa. Ukichukua dawa hizi kliniki mbili tofauti, hakuna atakayejua usiposema. Piga pakiti picha kwa simu, uonyeshe.

Halafu kuna keroro. Bonasi ya majani chai ikiingia, hukosi mbeste wa kukuitia chang'aa. Pombe na fenobabitoni zote hupoza ubongo. Zikikutana, pumzi yenyewe inaweza kufifia ukiwa usingizini. Na usiruke kidonge ndio unywe. Dawa hukaa mwilini siku kadhaa, kwa hivyo ya jana bado iko, na kuiacha ghafla kunaweza kuleta kifafa kisichokatika, kile kinachoua.

Mwenye ugonjwa wa ini, figo au kifua aseme kabla ya kuandikiwa.

Chakula hakina neno: ugali, managu, mursik, kula tu. Ila ukiitumia miaka mingi, vitamini D hupungua na mifupa hudhoofika. Na kwa baridi yetu hii, nani huvua sweta aote jua? Muulize daktari kuhusu vitamini hiyo.