Kukata na Kufunga Karatasi za Ofisi kwa Mitambo

Wenzangu wasomaji, kila muhula tunaandikia mitihani juu ya karatasi nyeupe ambazo walimu huzitoa katika rimu bila kuzihesabu. Juu ya kifuniko imeandikwa kwamba zimo 500, nao husadiki. Nataka kueleza usadikifu huo unatoka wapi, na kwa nini mwenye kiwanda katika nchi kama yetu hana budi kufikiri sana kabla ya kununua mtambo.

Karatasi tuliyoizoea huitwa A4. Upana wake ni milimita 210 na urefu wake milimita 297. Karatasi 16 za namna hiyo zikipangwa pamoja, eneo lake ni mita mraba moja. Gramu 80 zinazoandikwa juu ya rimu ni uzito wa mita mraba hiyo. Basi gawanya kwa 16: kila karatasi ina gramu 5, na rimu nzima ina kilo 2 na nusu.

Karatasi haizaliwi ikiwa A4. Hutoka kiwandani ikiwa jora kubwa, kama jora la kitambaa. Tanzania ina kiwanda cha karatasi huko Mgololo, Mufindi, lakini hicho hutengeneza hasa karatasi ngumu ya kahawia, kama ile ya mifuko ya saruji. Majora meupe huletwa kwa meli, na kazi inayobaki kwetu ni kukata na kufunga.

Kazi hiyo huweza kufanywa kwa mikono. Karatasi pana hurundikwa chini ya kisu kizito, wengine huhesabu, na wengine hufunga. Njia hii hulisha watu wengi, lakini ina mabaya mawili. Kwanza, kisu hakichagui kati ya karatasi na kidole. Pili, mtu aliyehesabu tangu asubuhi, ikifika alasiri macho humchoka, na mnunuzi hupata karatasi 490 kwa bei ya 500.

Mtambo hufanya hivi. Majora kadhaa huvutwa kwa pamoja, karatasi ya moja juu ya ya jingine. Visu vya duara huzipasua kwa upana wa milimita 210, kisha kisu kilichofungwa kwenye gogo la chuma linalozunguka hukata kila baada ya milimita 297. Mikanda huzipokea, zikalaliana kama magamba ya samaki, nayo hesabu yake hupatikana kwa kuhesabu mikato ya kisu.

Sasa tupige hesabu. Tuseme majora ni manne, kila moja lina upana wa karatasi nne, na mwendo ni mita 150 kwa dakika. Kisu kitakata mara 505 hivi, na kila mkato utatoa karatasi 16. Hizo ni karatasi 8,080, yaani rimu 16 kila dakika! Ikiwa mfungaji hodari hufunga rimu moja kwa dakika, watatakiwa wafungaji 16 wasiopumzika. Anayenunua mtambo wa kukata akasahau kufunga amenunua rundo tu, maana mwendo wa kiwanda ni mwendo wa kazi iliyo ya polepole kuliko zote.

Tena rundo hilo huharibika, hasa huku pwani. Karatasi hunywa unyevu wa hewa, hujikunja, na baadaye hukwama ndani ya mashine ya kunakili. Ndiyo maana karatasi ya kufungia rimu hupakwa nta au plastiki nyembamba.

Kwa hiyo rai yangu ni kwenda hatua kwa hatua. Kwanza kipatikane kisu kisichoshuka mpaka mikono yote miwili ibonyeze vitufe viwili kwa pamoja. Pili ije hesabu. Asiye na fedha za mtambo aanze na mizani: karatasi 10 zikipungua, gramu 50 hupungua, ingawa unyevu nao huongeza uzito na kuficha upungufu. Tatu ufuate mtambo wa kufunga. Kutia rimu tano katika katoni kungoje mwisho, kwa sababu mikono huiweza kazi hiyo vizuri.

Na wale waliokuwa wakihesabu? Sitasema kwamba wote watabaki, maana si kweli. Lakini mtambo huhitaji watu wa kunoa visu, kupitisha karatasi upya umeme unapokatika, na kutambua jora lililolowa. Aliyeishika karatasi miaka kumi anaijua kuliko mgeni, basi afundishwe yeye kwanza. Wenzangu mnaokusudia kuwa mafundi mitambo, mtakapoulizwa bei ya mtambo, itieni na gharama ya mafunzo hayo katika hesabu yenu.